Mkojo mwekundu wa ukubwani si kichocho cha utotoni

Ndugu wasomaji, leo naomba mnivumilie. Safu hii nimezowea kuiandikia siasa za nyumbani, na najua wapo wanaoifungua kwa ajili hiyo tu. Leo nataka kuzungumzia mkojo. Anayeona si mada ya kusomwa mbele ya watu basi aisome akiwa peke yake, lakini aisome mpaka mwisho, khasa kama ameshapita miaka arubaini na amewahi kufanya kazi hizi tunazozifanya huku nje.

Nianzie mbali kidogo. Sisi tuliokulia Pemba miaka ya themanini, mtoto wa kiume kukojoa damu halikuwa jambo la kushtua. Tukitoka chuoni tulikuwa tunapitia bwawani, tunavua kanzu, tunapiga mbizi mpaka magharibi inakaribia. Baada ya muda mmoja wetu anaanza kuona matone mekundu mwisho wa haja ndogo. Hakuna aliyekimbilia kwa mama yake. Wakubwa walitwambia kuwa hiyo ni alama ya kubaleghe, na wengine walijisifu nayo! Kisha wakaja watu wa afya skuli, tukapangwa mstari, tukapimwa uzito, tukamezeshwa vidonge vikubwa vichungu vya prazikwanteli, damu ikakatika, tukarudi bwawani. Kilikuwa kichocho, na kila mtu akikijua.

Naamini utoto ule umetuachia somo moja baya, nalo ni kwamba damu kwenye mkojo ni kitu kinachokuja na kuondoka.

Nina rafiki yangu, ambaye ameniruhusu niandike haya kwa sharti nisimtaje jina. Ni wa rika langu na tumetoka kisiwa kimoja. Yeye alitangulia kuondoka. Alikwenda Sharjah akiwa kijana, akafanya kazi miaka sita kwenye gereji ya kupiga magari rangi, kisha akapata njia ya kuja Uingereza na huku akawa fundi rangi wa majumba. Mimi nilipofika, nikiwa mwandishi niliyefukuzwa na kazi yake mwenyewe, yeye ndiye aliyenipokea na kunionyesha pa kulala.

Mwaka juzi, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, alikwenda msalani akaona mkojo umekuwa rangi ya Vimto. Hana maumivu, hana homa. Asubuhi yake mkojo ukawa safi kama maji. Akasema ni kiu ya saumu. Miezi mitatu ikapita, ikatoka tena, mara mbili kwa wiki moja, ikakatika. Hakumwambia mkewe. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu hivi: "Kaka, mwanamme wa miaka arubaini na saba anamwambia mkewe anakojoa damu. Unadhani atafikiria nini?" Na kweli, kwetu damu ya mkojo kwa mtu mzima ina jina jengine, nalo halitajwi mbele ya wakwe.

Alikaa miezi tisa. Siku alipokwenda kwa daktari alipewa dawa za UTI, akarudi nazo nyumbani akifurahi kwamba ni jambo dogo. Damu ikarudi. Safari ya pili alikutana na daktari mwengine ambaye hakumpa dawa bali alimpeleka hospitali, wakamuingiza mpira mwembamba wenye kamera hadi ndani ya kibofu, na pale kwenye televisheni wakaona uvimbe uliokaa kama jani la mwani. Ilikuwa saratani ya kibofu.

Sikuandika haya kuwatisha watu. Rafiki yangu yu hai na anafanya kazi. Uvimbe ulikuwa haujazama kwenye nyama ya kibofu, wakaukwangua, kisha wakamtia dawa ndani ya kibofu mara moja kila wiki kwa wiki sita. Na dawa yenyewe ni BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia kovu begani sote. Ikiwekwa ndani ya kibofu huwaamsha askari wa mwili wakapigana na saratani. Alicheka aliponieleza. "Ile ya begani, kaka, safari hii wameipitisha kwengine." Sasa kila baada ya miezi kadhaa anarudi kwenye kamera.

Lililonikera na kunifanya niandike ni jengine. Katika safari zake zote za hospitali aliulizwa kama anavuta sigara. Ndiyo, alivuta Sharjah, akaacha zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hakuna aliyemuuliza amefanya kazi gani maishani mwake, wala amekulia wapi na ameogelea wapi. Maswali mawili tu, yasiyogharimu hata senti.

Tuangalie kwa nini maswali hayo yana maana. Mwili ukiingiliwa na kemikali, iwe kwa pumzi, kwa ngozi au kwa chakula, ini huibadilisha na figo huichuja itoke na mkojo. Mkojo hautoki papo hapo. Unawekwa kwenye kibofu saa tatu, saa nne, usiku kucha. Kwa hivyo kibofu ni kama mtungi unaohifadhi maji machafu ya nyumba nzima mpaka mtu apate wasaa wa kuyamwaga, na ngozi ya ndani ya mtungi huo ndiyo inayooga humo muda wote. Dereva wa lori, dobi, fundi asiyeruhusiwa kutoka kazini kwenda msalani, wote hao wanauweka muda mrefu zaidi. Tena kuna watu waliozaliwa na ini linalozisafisha taratibu kemikali za aina fulani, na hawajijui.

Na hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza kuwa kati ya wafanyakazi wapatao 45 wa kiwanda cha kutengeneza rangi nyekundu ya fuksini, watatu walikuwa na uvimbe wa kibofu. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa kitabu kizima kuhusu saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya anilini. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper, huko Marekani, alionyesha kuwa mbwa waliolishwa kemikali iitwayo beta-naftilamini walipata saratani ya kibofu kama ile ya wafanyakazi. Na bado Uingereza iliendelea kuitengeneza kemikali hiyo mpaka karibu na mwaka 1950. Mwaka 1954 mtafiti Robert Case na wenzake walipohesabu vifo kwenye viwanda vya rangi vya Uingereza, waliona hatari ya kufa kwa saratani ya kibofu kwa waliozigusa kemikali hizo ni mara 30 hivi ya ile ya watu wengine.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Kutoka Rehn mpaka Case ni takriban miaka sitini. Katika miaka hiyo sitini waliojua walikuwa wengi, ila wale waliokuwa wakichanganya rangi kwa mikono mitupu hawakuambiwa.

Ikafuata hadithi ya mpira. Viwanda vya matairi vilikuwa vikitumia unga fulani wa kuzuia mpira usichakae, na ndani ya unga ule mlikuwa na mabaki ya beta-naftilamini hiyo hiyo. Uliondolewa sokoni mwaka 1949, lakini saratani inachukua miaka ishirini, thelathini, hata arubaini kujitokeza. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kuwa kampuni iliyotengeneza unga ule ilijua, au ilipaswa kujua, na ikabebeshwa dhamana pamoja na mwajiri. Wafanyakazi wawili ndio waliofungua kesi. Wangapi walishakufa kabla ya hapo, wakaandikiwa "uzee"?

Marekani nako, mji wa Niagara Falls katika jimbo la New York, kulikuwa na kiwanda cha kemikali za mpira. Wafanyakazi wenyewe, kupitia chama chao, ndio walioona wenzao wanaugua vibofu na wakaiomba taasisi ya serikali ya afya kazini ije kuchunguza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1991. Saratani za kibofu zilizotarajiwa kwa idadi ile ya watu hazifiki nne, zilizopatikana ni 13. Kemikali iliyotuhumiwa zaidi inaitwa ortho-toluidini, na leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao yake Lyon, limeiweka kwenye kundi la kwanza, maana yake hakuna shaka tena kuwa inaleta saratani kwa binaadamu. Napenda kuikumbusha habari hii ya Niagara Falls kwa sababu moja tu. Waliogundua kwanza walikuwa ni watu wa zamu, wenye kula pamoja na kuulizana hali. Sisi tunakula pamoja kila Ijumaa na hatuulizani.

Sasa nije kwetu. Tulikuwa tukitaniana kuwa mtu akifika Ulaya au Marekani anakuja kubeba boksi. Boksi lenyewe halina neno. Tatizo ni kazi nyengine tunazozishika pembeni, zile ambazo wenyeji hawazitaki. Fundi rangi: IARC imeiweka kazi hiyo kwenye kundi la kwanza, na kibofu ni miongoni mwa viungo vilivyotajwa. Kazi ya zimamoto iliwekwa kundi la kwanza mwaka 2022, na kibofu kikatajwa tena. Moshi wa dizeli nao uko kundi la kwanza tangu mwaka 2012, kwa sababu ya mapafu, na kwa kibofu ushahidi upo ingawa haujakamilika. Madereva wetu wa malori na wale wanaoshinda ndani ya maghala ambamo foklifti za dizeli zinazunguka wanalijua vumbi jeusi wanalolitoa puani jioni.

Mimi mwenyewe kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kwenye duka la draiklina. Nilikaa miezi minane. Nguo zile hazifuliwi kwa maji, zinafuliwa kwa dawa iitwayo tetrakloroethilini, wenyewe wakiiita "perki". Harufu yake ni tamu tamu, inakaa kooni, na ukitoka nje jioni kichwa kinakuwa chepesi kana kwamba umekunywa kitu. Kila wiki mtu mmoja alikuwa anafungua mashine nyuma na kukwangua tope lililobaki chini, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa mgeni wa karibuni, yaani mimi. Nilipewa glovu za kuoshea vyombo. Sikuambiwa jina la dawa. Nililisoma kwenye dumu. IARC imeiweka perki kwenye kundi la pili A, la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, na saratani inayotajwa ni ya kibofu. Jimbo la California lilipitisha kanuni mwaka 2007 ya kuiondoa taratibu kwenye maduka ya draiklina, na mwaka 2023 ikawa marufuku kabisa. Kwa maneno mengine, kuna nchi ambapo mwenye duka amelazimishwa kununua mashine mpya, na kuna kwengine ambapo mgeni anaendelea kukwangua tope.

Na mama zetu na dada zetu? Hapa lazima niseme kwa uangalifu, maana kuna uvumi mwingi na sitaki kuuongeza. Dawa nyingi za kupaka nywele rangi ya kudumu ni za jamii ile ile ya kemikali za viwanda vya Rehn, ingawa zile zilizothibitika kuua zimeshaondolewa. Mwaka 2001 watafiti wa Los Angeles walisema wanawake wanaopaka rangi ya kudumu mara kwa mara wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya kibofu, na mwaka 2003 wengine wakakuta chembe ndogo ndogo za kemikali hatari ndani ya baadhi ya rangi za madukani. Lakini mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wauguzi wa Marekani zaidi ya 117,000 waliofuatiliwa miaka 36, na hao waliojipaka wenyewe hawakuonekana kuwa na saratani ya kibofu zaidi ya wengine. Kwa hivyo IARC inasema kwa mwenye kujipaka haiwezi kuamua. Kwa anayewapaka wengine, yaani mwenye saluni, siku sita kwa wiki, mwaka hadi mwaka, mikono mitupu, imesema huenda kazi hiyo inaleta saratani. Tofauti hiyo ni kubwa, na dada zetu wengi wako upande wa pili wa kiti.

Piko ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sisemi piko inaleta saratani ya kibofu, kwani hilo halijathibitishwa. Nasema piko nyeusi ni unga wa rangi ya nywele, una kemikali iitwayo PPD, na Ulaya na Marekani hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kwa sababu inaunguza na kutoa malengelenge. Ukiimeza inaweza kukuua figo. Na bado kuanzia Darajani na Mombasa mpaka Maskati na Dubai, na mpaka kwenye harusi zetu za huku, anapakwa biharusi viganja na miguu, na mpakaji ameshika unga usiokuwa na jina wala maandishi. Anayepaka maharusi wawili kila wiki kwa miaka ishirini, nani amewahi kumuuliza habari ya glovu?

Nyumbani nako kuna yake. Kichocho nacho kiliwekwa kundi la kwanza la IARC mwaka 1994, na tangu mwaka 1911 daktari Ferguson wa Misri alishakiunganisha na saratani ya kibofu. Mayai ya mdudu yule hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchubua miaka mingi. Saratani yake mara nyingi ni ya aina nyengine, si ile aliyokuwa nayo rafiki yangu, lakini mlango ni ule ule: damu. Unguja na Pemba, Kwale, mabonde ya Mto Tana, malambo ya Shinyanga, wote hao wanaifahamu. Kisha kuna arseniki, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Mji wa Antofagasta, kaskazini ya Chile, ulibadilisha chanzo cha maji mwaka 1958 na watu wakanywa maji yenye arseniki zaidi ya mara 80 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha sasa, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mtambo wa kusafisha ulijengwa mwaka 1970. Miongo minne baadaye saratani za kibofu bado zilikuwa juu kwa watu waliokunywa maji yale. Arseniki hukaa pamoja na mawe ya dhahabu, na Kanda ya Ziwa ya Tanzania, ambako dhahabu inachimbwa, watafiti wamekuta visima na mito iliyopita kiwango hicho. Mwenye kisima hawezi kujua kwa kuonja. Ni kupima tu.

Na sigara, kwa sababu kuna wazee wataniandikia wakisema nimeiacha makusudi. Sikuiacha. Takriban nusu ya saratani zote za kibofu katika nchi kama Marekani inatokana na sigara, na ndani ya moshi wake mna ile ile beta-naftilamini iliyopigwa marufuku viwandani. Anayefanya kazi ya rangi na akavuta amebeba mizigo miwili. Lakini nimechoka na tabia ya kuishia hapo. Sigara imekuwa kisingizio kizuri kwa kila mwajiri, kwani ukisema "alivuta" faili linafungwa.

Kwa rafiki yangu hakuna daktari anayeweza kusema tone hili la saratani limetoka gereji ya Sharjah, hili sigara, na hili majumba ya London. Kwa mtu mmoja mmoja haiwezekani. Na ndiyo maana suala hili haliwezi kuachwa kwa mtu mmoja mmoja. Hapa kuna kimya cha pande mbili. Mwenye kazi amenyamaza kwa sababu kusema ni gharama, na sisi tumenyamaza kwa sababu kusema ni aibu, na baina ya kimya hivyo viwili mtu anakaa miezi tisa na mkojo rangi ya Vimto.

Sheria si kwamba hazipo. Marekani tangu mwaka 1983 kuna kanuni inayomlazimisha mwajiri kuwaeleza wafanyakazi kemikali wanazozigusa. Uingereza kanuni za vitu hatari kazini za mwaka 2002 zinasema hivyo hivyo, na kila dumu lina karatasi yake ya maelezo ambayo mfanyakazi ana haki ya kuiomba. Tanzania Bara kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani na sheria ya usalama mahali pa kazi, zote za mwaka 2003. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Mgeni asiyekuwa na karatasi hathubutu kuomba karatasi. Nalijua hilo, nilikuwa mmoja wao. Ndiyo sababu napendekeza jumuiya zetu ziombe kwa niaba yake. Jumuiya hizi, ambazo mimi ni mwanachama wa mbili, zinakusanya pauni kwa haraka ya ajabu mtu akifa ili mwili urudishwe nyumbani. Sijaona hata siku moja zikichapisha ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaosema perki ni nini, rangi ya kupuliza ni nini, na glovu gani inafaa. Tunagharamia jeneza na hatugharamii karatasi. Wenzetu wa kamati wakikasirika, basi tuonane mkutanoni.

Na hapa Uingereza kuna jambo wengi hawalijui. Saratani ya kibofu iliyotokana na baadhi ya kemikali za kazini imo kwenye orodha ya maradhi ya kazi tangu mwaka 1953, na anayethibitisha kuwa aliajiriwa kwenye kazi hizo anaweza kudai malipo ya serikali. Masharti ni magumu na kemikali zilizotajwa ni chache, lakini asiyejua kuwa ipo hawezi hata kuuliza.

Kwa upande wa daktari, utaratibu wa huku uko wazi. Mwenye miaka 45 na zaidi akiona damu kwenye mkojo, na si kwa sababu ya UTI, au imerudi baada ya UTI kutibiwa, anatakiwa apelekwe haraka kwa wataalamu. Mara moja inatosha, si lazima usubiri ya pili. Wengi wanaokwenda hukutwa na jambo jengine, mawe, tezi dume au uambukizo, na wanarudi nyumbani salama. Na ukweli kwamba haiumi si dalili njema. Saratani hii mwanzoni haiumi, na inaondoka na kurudi ipendavyo. Kwa wanawake ni hatari zaidi kwa namna moja: hata huku Ulaya hugundulika wamechelewa kuliko wanaume, kwa kuwa damu yao huhesabiwa ya mwezi au huitwa UTI mara tatu, mara nne, kila mara na vidonge vyake. Nyumbani hali ni mbaya zaidi, kila maumivu chini ya kitovu siku hizi ni "UTI sugu", na duka la dawa liko jirani kuliko maabara. Dada uliyeambiwa hivyo mara ya tatu, na mkojo ukapimwa usikutwe na mdudu, dai kamera.

Juma lililopita rafiki yangu alikuwa na miadi ya kamera, nikamsindikiza. Tulipokuwa tunasubiri nilimwambia tuandike kila kazi aliyowahi kufanya, tarehe na kitu alichokishika, tumpe daktari hata kama hajauliza. Alidhani itachukua dakika mbili, ikachukua saa nzima. Alikumbuka tina za thina alizoziosha mikono Sharjah kwa miaka sita, kila jioni, ili aweze kula bila harufu. Alikumbuka nyumba moja ya kusini ya London waliyokwangua rangi ya zamani kwa moto, bila kitambaa puani. Daktari, mama wa makamo, aliipokea karatasi, akaisoma yote akiwa amesimama, akaiingiza kwenye faili. Kisha akauliza hii ya juu kabisa ni kazi gani, maana ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Rafiki yangu akacheka, akamwambia hiyo si kazi. Mstari wa kwanza tulikuwa tumeandika: "Bwawa la nyuma ya chuo, Pemba, kuanzia umri wa miaka sita."

Akamuomba amfasirie, akaandika na hiyo.